"Take" si "Chukua" Tu

Walimu wangu, wazee mlioketi safu ya mbele, mama zetu, na nyinyi vijana mliotoka kazini mkaja moja kwa moja bila ya kupita nyumbani: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Mmeniita nizungumze kuhusu Kiingereza, nami nimechagua neno moja tu. Si neno la kutisha. Ni kitenzi ambacho mtoto hukutana nacho mwanzo kabisa wa masomo yake: "take". Nimelichagua kwa kuwa naona latusumbua pande mbili. Wanafunzi wetu wanamaliza skuli wamehifadhi maneno mazito ya Kiingereza, na bado hili dogo, likiandamana na "off" au "in" au "over", linawaacha hoi. Hilo moja. La pili ndilo linaloniuma zaidi: neno hili limeanza kujipenyeza ndani ya Kiswahili chetu kwa sura ya "chukua", na sisi twalipokea bila ya kuuliza limetoka wapi.

Wasikilizeni watu pale kivukoni Likoni, hapa Mombasa. Mmoja atasema, "Feri hii yachukua abiria wengi." Mwengine atasema, "Feri inachukua dakika kumi kuvuka." Sentensi ya kwanza ni Kiswahili tulichorithi. Chombo huchukua: jahazi huchukua boriti, lori huchukua simiti, punda huchukua madebe ya maji. Anayebeba mizigo ya watu ni mchukuzi, na nchi hii imekuwa na wizara nzima ya uchukuzi. Hata mimba huchukuliwa. Lakini dakika hazipakiwi wala hazibebwi. Hiyo ni "it takes ten minutes" iliyohamishwa neno kwa neno. Wazee wetu waliovuka kivuko hicho hicho wakisema, "Kuvuka ni dakika kumi," ama, "Ni mwendo wa dakika kumi," na maneno yakatosha.

Kabla ya kumlaumu mgeni, tujue kwao ni wapi. Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: "take" yenyewe si Kiingereza cha asili. Ilifika Uingereza kwa bahari.

Mwaka 793 mabaharia wa Skandinavia, wale wanaoitwa Waviking, waliishambulia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi walikuwa wakija, wakipora, wakiondoka. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa ambalo halikurudi kwao. Mfalme Alfred wa Wessex alilishinda mwaka 878, lakini hakuweza kuwafukuza watu wale. Walibaki sehemu za mashariki na kaskazini, wakalima, wakafuga, wakaoa. Tazameni ramani ya Uingereza hii leo: Whitby, Grimsby, Derby. Ile "by" ya mwisho ni neno lao la kijiji. Mwaka 1016 Mdenmaki, Cnut, akawa mfalme wa Uingereza yote.

Katika lugha yao, Kinorsi cha kale, mlikuwa na kitenzi "taka", na wakati uliopita "tók". Kimeandikwa sawasawa na "taka" yetu ya kutaka, ingawa hayana udugu hata kidogo. Waingereza kwa upande wao walikuwa na neno la kwao, "niman", walilolitumia kwa kila kitu: kutwaa upanga, kutwaa mke, kutwaa njia. Basi mwishoni mwa karne ya 11 lile neno la wageni laanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza, na baada ya karne chache "niman" haipo tena. Kitenzi cha kila nyumba, cha kila siku, kimeondoka.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili si la kawaida. Lugha hukopa majina ya vitu kwa wepesi. Kukopa kitenzi cha mkono, kitenzi cha kushika na kutwaa, ni jambo zito, na sisi watu wa Mombasa tunao ushahidi wake mlangoni. Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Ni zaidi ya miaka mia ya Wareno ndani ya ngome ile. Wametuachia nini kinywani? Meza, leso, bendera, kasha, na gereza, ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Majina. Utafute kitenzi cha kila siku tulichokipata kwa Mreno; utachoka. Sasa geukeni upande wa Kiarabu: kufikiri, kusafiri, kusamehe, kusahau, kujibu, kubaki. Vitenzi vya moyo na vya kichwa, vimejaa tele, na ukitaka kuvitambua tazama mwisho wake. Haviishii na "a" kama pika na lala.

Jina la kitu laweza kushuka bandarini pamoja na kitu chenyewe. Kitenzi chataka watu wakae mtaa mmoja, wasome pamoja, wazaliane, mama awe wa lugha hii na baba wa ile, mtoto akue hajui lipi la nani. Ndivyo ilivyokuwa kati yetu na Waarabu, na ndivyo ilivyokuwa kati ya Waingereza na wale Wadenmaki. Ndiyo maana Kiingereza kilipokea kutoka kwao si "take" peke yake. Kilipokea "get" na "call". Kilipokea hata "they" na "them", viwakilishi, ambavyo lugha huvilinda kuliko kitu chochote. Na "window", dirisha, ambalo kwa Kinorsi cha kale ni jicho la upepo.

Zile lugha mbili zilikuwa karibu kiasi cha watu kuelewana kwa kujitahidi, kama Mmvita wa Mombasa na Mwamu wa Lamu, huyu akisema "njoo" na yule akisema "ndoo". Lakini ukaribu haukuzuia mikwaruzano. Mchapishaji William Caxton aliandika mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara waliokuwa mtoni Thames wakielekea Zeeland. Upepo uliwakatikia, wakashuka pwani kungoja na kutafuta chakula. Mmoja wao akaenda nyumba ya mama mmoja akaomba "egges", mayai. Yule mama akamjibu kuwa yeye Kifaransa hakijui. Yule bwana akakasirika, kwa maana hata yeye Kifaransa hakijui, alitaka mayai tu. Mpaka mwenzake aliposema "eyren" ndipo mama akaelewa. "Eyren" lilikuwa neno la asili ya Kiingereza. "Egges" ni la Waviking. Karne nne na zaidi baada ya Cnut, maneno hayo mawili bado yalikuwa yakipimana nguvu, na mnajua nyote ni lipi lililobaki.

Na "niman" imekwenda wapi? Imebaki mabaki. "Numb", ganzi, ni kiungo kilichotwaliwa hisia zake. "Nimble", mwepesi, ni yule aliye hodari wa kudaka. Kwa muda iliishi mitaani kama "nim", maana yake kuiba, na Shakespeare alimwita mwizi mmoja katika tamthilia zake Nym. Hapo ndipo kiliposhuka kitenzi kilichokuwa cha wafalme na wakulima. Lakini ng'ambo, kwa Wajerumani, neno hilo halijafa, na vijana wetu wa ufukweni wanaozungumza Kijerumani wanalijua vyema: "nehmen". Mgeni wa Kijerumani akiokota dafu pale Bamburi akasema analitwaa, anatumia kitenzi ambacho Mwingereza aliye kando yake amekipoteza.

Hadithi hii nimeileta kwa sababu nasi tuna "niman" yetu. Ni "twaa".

Katika nyumba za Kibokoni na Kuze bado utasikia, "Twaa hizi pesa ukanunue mahamri." Hilo ndilo neno letu la kupokea kitu mkononi, kukifanya chako. "Chukua", ambayo Lamu husema "tukua", uzito wake uko mabegani: kubeba, kuhimili, kustahimili. Ndiyo maana twasema watu wachukuliane, yaani wavumiliane. Ndiyo maana mwanamke akivaa buibui likampendeza huambiwa limemchukua. Maana hizi mbili zilikuwa na mpaka wake. Leo "chukua" inabeba mzigo wake na wa "twaa", na juu yake imeongezwa mizigo ya "take". "Twaa" imesogezwa kwenye vitabu vya dini na kwa watangazaji wa mpira, ambao nawashukuru, kwa maana timu bado hutwaa kombe. Watoto wangapi wa umri wa miaka kumi, hapa mjini, hulitumia neno hili bila ya kuwa uwanjani? Walimu mnaoketi nao kila siku mnalo jibu.

Sisemi lugha isibadilike. "Chukua hatua" imeshazoeleka, iko katika kila taarifa ya habari, wala sina haja ya kupigana nayo. "Tuchukulie kwamba" nayo naikubali, kwa kuwa Kiswahili kimeijenga kwa vifaa vyake. Ninachokataa ni kule kuhamisha kwa uvivu, mpaka maana inapotea. Mfano ulio mkubwa ni dawa. Kwa Kiingereza mgonjwa anaambiwa "take two tablets". Ukimtafsiria bibi wa Mtongwe, "Chukua vidonge viwili asubuhi na viwili jioni," atavichukua, avifunge kwenye ncha ya leso, aende navyo nyumbani. Hakukosea yeye. Kiswahili cha dawa ni kumeza, na kwa dawa ya maji ni kunywa. Hapo si suala la usanifu wa lugha tena, ni afya ya mtu.

Sasa nigeukie upande wa pili, wa kukifundisha hiki kitenzi kwa wanaokihitaji katika kazi zao, maana wengi wenu hapa mnawaongoza wageni ngomeni, ama mko hotelini, ama mko kwenye ofisi za bandari.

Kamusi zitakupa maana za "take" kurasa kwa kurasa. Msizifuate orodha hizo. Anzeni na mkono. Katika lugha za kale za ukoo wake neno hili lilikuwa na maana ya kugusa. Wagothi, watu waliotafsiriwa Biblia katika karne ya 4, walikuwa na "tekan", kugusa. Kutoka kugusa likafika kushika, kutoka kushika likafika kutwaa, na kutoka hapo likaondoka kwenye mkono likaingia kwenye akili na moyo. "I take it you are coming": nimelishika hivyo, kwamba waja. "She took offence": aliudhika. "He was taken ill": alishikwa na ugonjwa. Na sisi si twafanya vivyo hivyo? Mwalimu wa chuoni humwuliza mtoto, "Umeshika?" na hakusudii mkono. Homa hutushika. Msafiri hushika ndia. Mwanafunzi akiisha kuona kwamba njia ya Mwingereza kutoka kwenye mkono hadi kwenye akili ni ile ile tunayoipita sisi kwa "shika", zile maana arubaini zinapungua zenyewe.

Kisha mwonyesheni mwelekeo. "Take" humwacha msemaji, "bring" humjia. "Take the child to school" ni kumpeleka mtoto skuli. "Bring the child to me" ni kumleta. Tunavyo vitenzi viwili vilivyo tayari kabisa, peleka na leta, na bado nasikia vijana wakisema "bring" mahali pa "take" kwa sababu walifundishwa kuwa "take" ni chukua. Hapo kosa ni la somo, mtoto hana lawama.

Lililo tajiri zaidi ni mikia. Kiswahili hubadilisha maana kwa kurefusha kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kikaweka kineno nyuma yake, na mara nyingi kile kineno ndicho chenye kauli. "Take off your shoes" mlangoni pa msikiti: vua viatu. Kwetu, vaa imegeuka kuwa vua kwa sauti moja tu ndani ya neno; kwao, kazi hiyo yafanywa na "off". "The plane took off" kule uwanja wa ndege wa Moi: ndege imeruka, imeiacha ardhi kama mguu ulivyoacha kiatu. Mwanafunzi akilijua "off" kuwa ni kutengana, hahitaji kuzikariri hizo mbili kama vitu viwili.

"Take in" ndiyo niipendayo kuliko zote. Mpelekee fundi cherehani nguo iliyo pana, Mwingereza atasema "take in the waist", yaani bana kiuno. Mtu akikosa pa kulala ukampokea nyumbani kwako, "you took him in". Na mtu akikudanganya kwa maneno matamu, "you were taken in". Wanafunzi hushangaa: kubana, kuhifadhi na kudanganywa, vyote kwa maneno mawili hayo hayo! Lakini sisi wenyewe twasema mtu aliyetapeliwa "ameingizwa mjini". Kuingizwa. Yule aliyedanganywa amevutwa ndani ya jambo la mwenziwe bila ya kujua. Na "take after", mtoto kufanana na babake, tuna neno zuri ambalo nalo laanza kusahaulika: amemlanda babake.

Fikirieni jioni moja tu katika mkahawa wa Nyali. Mgeni anaketi na kusema, "I'll take the fish." Anaagiza samaki. Auliza, "Do you take cards?" Je, mnapokea kadi? Mhudumu akimharakisha kidogo, mgeni humwambia, "Take your time," usiwe na haraka. Mezani jirani mtu ataka picha, "take a picture", na hapo sisi twapiga. Mwisho yule mgeni ataka chakula kilichobaki afungiwe aende nacho, "to take away". Kutoka nje, dereva wa tuktuk anaambiwa, "Take the next left," naye anakata kushoto. Kila mara "take" ni moja, na kila mara Kiswahili kina kitenzi chake kilichokaa tayari: agiza, pokea, piga, kata. Atakayesema huo ni umaskini wa Kiswahili, kwamba hakina neno moja la kufanya kazi zote, hajatazama vizuri. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye hushangaa kwamba twapiga picha, twapiga simu, twapiga pasi, twapiga magoti, na kwamba shahidi hula kiapo na chombo hula mwamba. Kila lugha ina vitenzi vyake vya kutumwa kila mahali. Ubaya ni kumlazimisha mtumwa wa nyumba hii afanye kazi ya nyumba ile.

Nawaomba wafasiri mlio hapa, kwa kuwa kazi yenu ndiyo inayosomwa na wengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Matangazo mengi bado huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa upesi upesi. Mkikutana na "take", inueni kalamu kwanza. Jiulizeni mtu yule anafanya nini kwa kweli: anabeba, anapokea, anameza, anapeleka, anavua, anaapa? Mkishajua anachofanya, neno litakuja lenyewe, kwa sababu mmelinyonya tangu utotoni.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali, nami nayaandika mawili hapa kwa faida ya wasiokuwapo.

Mzee mmoja aliuliza kama "took" ni kosa lililohalalishwa, maana vitenzi vingine vya Kiingereza huongezwa "ed" tu. Nilimjibu kuwa "took" ni ile "tók" ya mabaharia, imekuja na wakati wake uliopita tangu kwao. Ilifika ikakuta "shake" na wenzake, ambao tayari wakigeuza irabu ya ndani, ikaketi nao safu moja. Maalim mmoja wa chuoni akaongeza vizuri: ni kama "fikiri" na "samehe" zetu, ambazo mpaka leo zimekataa kuvaa "a" ya mwisho.

Wa pili alikuwa binti anayefanya kazi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila siku huwaandikia wateja "it will take three days to clear the container", na mkubwa wake humtaka aweke na Kiswahili chini yake. Amekuwa akiandika, "Itachukua siku tatu kulisafisha kontena." Akaniuliza aandikeje. Ukumbi ulijibu kabla yangu, na mama mmoja wa safu ya tatu ndiye aliyeshinda: "Kontena litatoka kwa siku tatu."